Lami Ikikata Kona, Treni Ielekee Wapi?

Swali hili huulizwa na watoto na huulizwa na mawaziri, nalo ni lile lile. Barabara kuu ipo. Serikali ilikwisha kuitwaa ardhi yake, ikapasua miamba, ikavuka mito kwa madaraja. Pembeni mwa lami kuna ukanda mpana wa majani ambamo hakuna mtu anayeruhusiwa kujenga. Basi kwa nini anayetaka reli ya mwendokasi, ile ya kweli ya kilomita 300 kwa saa, ahangaike kutafuta njia mpya porini na mashambani mwa watu? Si aitandaze hapo hapo kando ya barabara, au hata katikati yake?

Kaeni vizuri, wanangu, maana jibu lina milima ndani yake, lina shimo la vita vya zamani, na lina kondoo wa jangwani.

Tuanze na huo ukanda wa majani. Tanzania unaitwa hifadhi ya barabara, na tangu sheria ya mwaka 2007 unafika mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara kuu. Zamani ulikuwa mita 22.5. Ukiona nyumba imepigwa alama nyekundu ya X ukutani, mara nyingi hiyo ndiyo habari yake: imesimama ndani ya hifadhi. Sasa, njia mbili za reli, ya kwenda na ya kurudi, pamoja na nguzo za umeme na mifereji ya maji, zinahitaji upana wa kama mita 15 tu pale ardhi ilipo tambarare. Kwenye karatasi zinaenea, na nafasi inabaki. Mjenzi anaepuka kulipa fidia ya maelfu ya mashamba. Hakati shamba la mtu vipande viwili, ng'ombe akabaki huku na kisima kule. Na kelele? Wahandisi husema wanaoishi pale walikwisha kuzizoea za malori. Wenyewe wanaoishi pale huwa hawaulizwi.

Hoja hizo ni za kweli, na nchi nyingi zimezifuata. Lakini barabara ilichorwa kwa ajili ya gari, na treni ya kilomita 300 kwa saa ni kiumbe mwingine kabisa.

Mmewahi kusimama ndani ya daladala iliyojaa, dereva akaingia kona bila kupunguza mwendo. Gari linageuka, mwili wako unataka kuendelea mbele kwa mstari ulionyooka, na matokeo yake unamwangukia jirani. Hakuna aliyekusukuma. Sasa shikeni jambo hili, kwa sababu mambo yote mengine yanatoka hapa: dereva akienda mwendo mara mbili kwenye kona ile ile, nguvu inayokutupa pembeni haiwi mara mbili. Inakuwa mara nne. Akienda mara tatu, inakuwa mara tisa.

Barabara kuu nyingi za kisasa huchorwa kwa magari ya kama kilomita 120 kwa saa. Treni yetu inataka 300, yaani mara mbili na nusu. Zidisheni 2.5 kwa 2.5, mnapata 6.25. Kwa hiyo ili abiria wa treni asimwangukie jirani, kona ya reli inatakiwa iwe pana zaidi ya mara sita kuliko ile inayomtosha mwenye gari. Wahandisi hupima upana wa kona kwa kufikiria duara zima ambalo kona hiyo ni kipande chake, kisha wanataja nusukipenyo. Kona yenye nusukipenyo cha mita 700 inatosha gari likapita salama na dereva akaendelea kuongea. Reli ya kilomita 300 kwa saa inataka karibu kilomita 4.

Wajapani, waliotangulia wote, walijifunza hilo njiani. Reli yao ya kwanza ya mwendokasi, Tokyo mpaka Osaka, ilifunguliwa tarehe 1 Oktoba 1964. Treni zilikwenda kilomita 210 kwa saa, na kona zake kali zilikuwa na nusukipenyo cha mita 2,500. Walipoiendeleza reli kuelekea magharibi miaka ya 1970 wakapanua kona hadi mita 4,000. Walikwisha kuona kwamba treni mpya hutengenezwa kila baada ya miaka michache, zenye kasi zaidi, lakini kona ukishaijenga ndiyo hiyo.

Kuna ujanja mmoja wa kusaidia. Chuma cha reli cha upande wa nje ya kona huinuliwa kidogo kuliko cha ndani, treni ikalalia ndani na kupunguza ile nguvu ya kutupwa. Ila ujanja huo una kikomo. Treni ya mizigo ikipita pale polepole, uzito wake wote unalemea chuma cha ndani na kukisaga. Na treni ya abiria ikisimama juu ya kona kwa sababu umeme umekatika, watu wanakaa wameinama upande mmoja mpaka fundi afike.

Ujerumani ndiko jambo hili lilikojaribiwa kwa ujasiri zaidi, kwa hiyo huko tutakaa kidogo.

Kati ya mji wa Köln na mji wa Frankfurt kuna vilima na misitu. Treni za zamani hazikuthubutu kuvipanda. Zilifuata mto Rhine, zikipinda kila mto ulipopinda, zikipita chini ya majumba ya kale na jabali la Loreley ambalo watalii hulipiga picha. Safari nzuri sana kwa macho, na ilichukua zaidi ya saa mbili. Barabara kuu ya A3, ambayo baadhi ya vipande vyake vilianza kujengwa kabla ya Vita Kuu ya Pili, iliachana na mto ikakata juu ya vilima moja kwa moja. Wahandisi wakatazama ramani wakasema: tuifuate A3. Kazi ilianza mwaka 1995, na abiria wakaanza kupanda tarehe 1 Agosti 2002. Reli yenye urefu wa karibu kilomita 180, kwa gharama ya karibu euro bilioni 6, na safari ikashuka mpaka saa moja na dakika chache.

Namna walivyoweza ndiyo sehemu tamu.

Kikwazo cha kwanza kilikuwa mwinuko. Gari halijali kupanda mita 4 kila linapokwenda mita 100. Unakanyaga mafuta tu. Reli za Ujerumani hazikuzoea hayo. Reli yao ya mwendokasi ya kutoka Hannover hadi Würzburg, iliyokamilika mwaka 1991, ilitakiwa ipitishe na treni za mizigo, na treni ya mizigo haiwezi kupanda mlima mkali. Kwa hiyo mwinuko wake ulibanwa usizidi kama mita moja na robo kwa kila mita 100. Milima haikusogea. Ikabidi watoboe mahandaki zaidi ya 60 katika kilomita 327. Kwa Köln na Frankfurt waliamua tofauti: mizigo ipite kule kule mtoni, huku juu wapande abiria peke yao. Uamuzi huo mmoja ndio uliowapa ruhusa ya kupanda mita 4 kwa kila mita 100, sawa na barabara.

Lakini sasa ni treni gani itapanda hivyo kwa kasi? Treni ya kawaida ina kichwa kimoja mbele kinachovuta mabehewa yote. Magurudumu ya chuma juu ya reli ya chuma yana utelezi. Mvua ikinyesha na mlima ukiwa mkali, kichwa kinaweza kuzungusha magurudumu pale pale bila kusogea. Dawa yake ni kuondoa kichwa. Treni iliyotengenezwa kwa njia hiyo, ICE 3, ina mota zilizotawanywa chini ya mabehewa, na nusu ya ekseli zake zote zinasukuma. Walio Dar es Salaam na Dodoma wanaijua familia hiyo ya treni: ile wanayoiita mchongoko, yenye pua ya mshale, nayo haivutwi na kichwa, mota zake zimo chini ya abiria.

Kushuka kulikuwa kugumu kuliko kupanda. Ukitegemea breki za kubana diski peke yake kwenye mteremko mrefu hivyo, zitachemka. ICE 3 ina breki ya ziada ya ajabu: sumaku za umeme zinazoshushwa karibu kabisa na chuma cha reli bila kukigusa. Sumaku inapopita juu ya chuma kwa kasi, umeme unazaliwa ndani ya chuma chenyewe, na umeme huo unaipinga sumaku, treni inapungua mwendo. Hakuna kinachosuguana, kwa hiyo hakuna kinacholika. Kinachotokea ni reli kupata moto, na ndiyo maana chini ya reli ile wametandaza zege zito mahali pa kokoto, ili chuma chenye joto kisijikunje na kuhama mahali pake.

Na baada ya ujanja wote huo, mnajua reli hiyo ina mahandaki mangapi? 30. Urefu wake ukijumlishwa ni karibu kilomita 47, zaidi ya robo ya njia yote, na barabara ya A3 hapo jirani inapita juani. Sababu ni zile kona. Lami inapopinda kukwepa kilima, treni haiwezi kupinda nayo; inaingia mlimani, inatokea upande wa pili, inaikuta barabara ikirudi, wanakwenda pamoja tena kwa muda. Dereva wa A3 huiona treni kwenye kioo cha nyuma, inampita hata pale ambapo Wajerumani hawawekei magari kikomo cha mwendo, kisha inazama ndani ya kilima. Yeye azunguke.

Kwa hiyo ule msemo wa kuifuata barabara una maana yake maalumu. Reli inakuwa jirani wa barabara. Haikai ndani ya nyumba yake. Ardhi waliyoipata bure haikuwa nyingi kama ilivyodhaniwa. Faida kubwa ilikuwa kwamba msitu ulikatwa mara moja tu, na vijiji vilivyokuwa vimetulia mbali na barabara viliachwa vimetulia.

Nisisahau Montabaur na Limburg. Ni miji midogo miwili ya njiani, iko kama kilomita 20 tu kutoka mmoja hadi mwingine, na kila mmoja umepewa stesheni ya reli ya mwendokasi. Treni ya kilomita 300 kwa saa inamaliza umbali huo kwa dakika nne. Kwa nini zikawa mbili? Kwa sababu mmoja uko katika jimbo la Rheinland-Pfalz na mwingine katika jimbo la Hessen, na hakuna jimbo lililokubali reli ipite kwake bila kusimama. Siasa nayo ina kona zake.

Ufaransa walikuwa na bahati ya nchi tambarare. Reli ya kutoka Paris kwenda Lille, iliyofunguliwa mwaka 1993, imeambatana na barabara ya A1 kwa zaidi ya kilomita 100, na kwa kuwa kule kaskazini barabara yenyewe imenyooka, treni inakimbia kilomita 300 kwa saa bila kuachana nayo sana. Paris mpaka Lille, kama kilomita 225, ni saa moja. Ukiniuliza ni wapi wazo hili limefanya kazi kwa urahisi zaidi, nitakuonyesha hapo.

Ila hata hapo ardhi ilikuwa na siri. Tarehe 21 Desemba 1993, miezi michache baada ya reli kufunguliwa, treni ilikuwa inapita eneo la Somme kwa kilomita 294 kwa saa. Mvua zilikuwa zimenyesha sana. Chini ya reli, ardhi ikatitia na kuacha shimo, kwa sababu miaka zaidi ya 75 nyuma, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, askari walichimba mahandaki pale na hakuna aliyekumbuka kuyajaza. Treni ikaacha reli, ikaburuzika kwa zaidi ya kilomita mbili, ikasimama. Haikupinduka, na hakufa mtu. Treni za TGV huunganishwa kwa namna ambayo behewa na behewa jirani hulala juu ya magurudumu yale yale, hivyo hazikunjiki hovyo. Barabara ya jirani ingepata shimo kama hilo, gari lingekwepa au lingepasuka tairi. Treni haina usukani, na kutoka mwendo ule inahitaji zaidi ya kilomita 3 ili isimame. Ardhi inayotosha kubeba lami lazima ipimwe upya yote ndipo iaminiwe kubeba reli.

Pale pale jirani pana stesheni iitwayo Haute-Picardie, iliyojengwa mahali reli na barabara zinapokaribiana, mbali na mji wowote. Wafaransa wameipa jina la utani: stesheni ya viazisukari, maana ukishuka unachokiona ni mashamba ya viazisukari. Hiyo ndiyo tabia ya pili ya barabara kuu. Huwa inapita nje ya miji, na ni vizuri ipite nje. Nani anataka malori yapite sokoni? Lakini abiria wa treni anataka kushuka mjini. Wasafiri wa Nairobi na Mombasa wanalijua hili, ingawa treni yao ni ya kilomita 120 kwa saa tu: unashuka Syokimau au Miritini, kisha unatafuta usafiri mwingine wa kukufikisha unakokwenda, na foleni ya mjini inakula ile saa uliyoiokoa.

Nitawasimulia ajali moja ya Uingereza kwa haraka, kwa sababu wahandisi wa reli za kando ya barabara hawaisahau. Alfajiri ya tarehe 28 Februari 2001, karibu na kijiji cha Great Heck, dereva alisinzia kwenye barabara ya M62. Gari lake, likivuta trela, liliacha lami, likateremka tuta, likatua juu ya reli iliyopita chini. Yeye alitoka mzima, na alikuwa kwenye simu akiomba msaada treni ya abiria ilipoligonga. Treni ikaacha njia, ikagongana na treni ya makaa ya mawe iliyokuwa inakuja upande wa pili. Watu kumi walikufa. Tangu hapo hakuna anayechora reli jirani na barabara bila kuuliza lori la tani 40 litazuiwa na nini likiacha njia. Wengine hujenga tuta refu la udongo katikati ya barabara na reli, wengine kuta za zege. Vyote viwili vinakula ule ukanda wa majani tuliokuwa tunadhani ni wa bure.

Sasa twende Marekani, ambako wameamua kufanya lile ambalo Wajerumani na Wafaransa hawakulifanya: kuiweka reli katikati kabisa ya barabara.

Kampuni iitwayo Brightline inataka kuunganisha Las Vegas na viunga vya Los Angeles. Barabara ya I-15 inapita jangwa la Mojave, na kati ya magari yanayokwenda na yanayorudi kuna ukanda mpana wa mchanga. Karibu njia yote ya reli, yapata kilomita 350, imepangwa kupita humo. Desemba 2023 serikali kuu ilitoa dola bilioni 3 kama ruzuku, na tarehe 22 Aprili 2024 ikafanyika sherehe ya kuanza kazi. Treni itaweza kwenda hadi kilomita 320 kwa saa. Hapo matangazo ndipo yanapoishia, na hapo ndipo nataka mchukue kalamu. Safari yote imepangwa kuchukua saa mbili na dakika kumi. Gawanyeni kilomita 350 kwa muda huo. Mnapata wastani wa kama kilomita 160 kwa saa, nusu ya ile namba ya kwenye tangazo. Ile ya Paris na Lille ina wastani wa 225.

Wapi kasi imepotelea? Jangwani I-15 imenyooka, treni itakimbia. Lakini panapo kona, treni iliyofungiwa katikati haina pa kutokea kwenda kutafuta njia yake. Itapinda kama magari yanavyopinda, na kwa hiyo lazima ipunguze. Halafu kuna mlima wa Cajon, ambako barabara inateremka kwa karibu mita 6 katika kila mita 100, kali kuliko A3 ya Ujerumani. Pale pale unapita ufa mkubwa wa matetemeko wa San Andreas. Kwenye mlima huo treni itakwenda kwa adabu. Na mwisho wa safari ni Rancho Cucamonga, kama kilomita 60 kutoka katikati ya Los Angeles. Ukifika unapanda treni nyingine ya kawaida.

Katikati ya barabara kuna mambo mengine ambayo ramani haionyeshi. Kila daraja linalovuka juu ya barabara lina nguzo, na mara nyingi nguzo moja imesimama katikati, mahali reli inapotaka kupita. Mafundi watafanya kazi magari yakipita kasi kulia na kushoto, kwa hiyo kila lori la zege linaloingia na kutoka linahitaji njia ya magari ifungwe. Uzio wa reli utaziba hata zile nafasi chache ambazo wanyama walikuwa wanavukia. Ndiyo maana yamepangwa madaraja matatu maalumu ya kuvushia kondoo wa milimani, wale wenye pembe zilizojikunja, juu ya barabara na reli pamoja. Gharama yote ilitajwa kuwa dola bilioni 12. Kufikia mwaka 2025 ilikuwa imevuka 20.

Je, ni upumbavu? Mimi sisemi hivyo. Wikiendi barabara ile hujaa magari, watu wakikaa saa tano na sita juani. Saa mbili na dakika kumi ni bora kuliko hayo. Na kuna jambo ambalo majirani zao wanalijua kwa uchungu. Jimbo la California, lenye huo mji wa Los Angeles, lilipiga kura kuidhinisha reli yake ya mwendokasi mwaka 2008, ikapangwa kupita mashambani na mijini, na miaka mingi imekwisha katika kununua ardhi kipande kwa kipande. Brightline wamenunua amani kwa kupoteza kasi. Ni biashara halali, ilimradi mnunuzi ajue alicholipa.

Hadithi ya reli hiyo ya California ndiyo inayonivutia kuliko zote. Bondeni mwa California kuna barabara ya I-5, imenyooka kwa kilomita nyingi sana, tambarare, jirani zake ni mashamba na vumbi. Wako waliosema, na Wafaransa wa SNCF, shirika lao la reli, wakiwemo, kwamba reli ifuate hiyo: ni rahisi, ni fupi, inakata moja kwa moja kati ya Los Angeles na San Francisco. Wanasiasa wakakataa. Walitaka ipite mashariki zaidi, kwenye Fresno yenye watu zaidi ya nusu milioni, na Bakersfield yenye watu kama laki nne. Matokeo yake ni nyumba za kubomoa, viwanda vya kuhamisha, kesi mahakamani, na mabilioni juu ya mabilioni. Kila mwenye hesabu huwacheka. Mimi siwacheki sana. I-5 ilinyooka na kuwa rahisi kwa sababu hakuna watu pale. Reli ambayo haimgusi mtu haimchukui mtu pia, isipokuwa wa miji ya mwisho miwili.

Wakati California ikihangaika na ardhi, Morocco, kwa treni na ufundi wa Kifaransa, ilifungua Al Boraq mwezi Novemba 2018: kati ya Tangier na Kenitra treni inakwenda kilomita 320 kwa saa, ya kwanza barani Afrika.

Na huku kwetu? Reli ya umeme ya Dar es Salaam hadi Dodoma, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024, inakwenda kilomita 160 kwa saa. Tazameni ramani yake. Inapita Pugu, Soga, Ruvu, Ngerengere, kisha Morogoro, ikifuata kwa karibu njia ya reli ya kati iliyojengwa na Wajerumani wakati wa ukoloni. Barabara kuu iko kaskazini yake, inapita Chalinze, na Chalinze haina stesheni. Nadhani walifanya vema. Barabara kuu za kwetu zina tabia moja ambayo I-5 haina: zinavuta watu. Basi likisimama mahali kwa dakika kumi, kesho yake kuna mama wa mahindi ya kuchoma, mwezi ujao kuna duka, mwaka ujao kuna gereji na msikiti na kanisa. Wakazi wa Kimara wanakumbuka bomoabomoa ya mwaka 2017, barabara ya Morogoro ilipopanuliwa. Reli ya kilomita 300 kwa saa inataka uzio mwanzo hadi mwisho, na mji uliozaliwa na barabara ukigawanywa na uzio, wateja wanabaki upande mmoja na mahindi upande wa pili.

Mnaweza kulipima jambo hili wenyewe, kuliko kunisikiliza mimi. Tafuteni shuleni ramani ya mandhari ya eneo lenu, ile ambayo sentimita 2 ni kilomita moja. Kilomita 4 juu yake ni sentimita 8. Chukueni bikari, ifungueni sentimita 8, choreni duara kwenye karatasi inayopenyeza mwanga, kisha lazeni karatasi juu ya barabara kuu, mkiisogeza mpaka duara lifuate lami kadiri linavyoweza. Kati ya Voi na Mtito Andei mtapata vipande virefu ambavyo barabara imenyooka na duara halina kazi. Mlima Kitonga, kwenye njia ya Iringa, kona nzima itazama ndani ya duara bila kuligusa. Kwenye barabara nyingine nyingi mstari utafuata lami kidogo, utaiacha, utairudia mbele. Wekeni alama pale unapoiacha, na msome ramani imeandika nini mahali hapo.